Kipanya cha Asiyeitwa

Mkono wangu wa kulia ulianza kuniacha mwezi wa Mei, kidole kimoja kimoja. Kwanza gumba likafa ganzi. Kisha moto ukapanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na asubuhi moja kikombe cha chai kikaniponyoka, kikapasuka juu ya karatasi za mteja. Mtaalamu wa viungo pale hospitali alinigeuza kifundo huku na huku, akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nachora kwa kompyuta. Matangazo, kadi za harusi, vitabu."

"Saa ngapi kwa siku?"

"Zote."

Hakucheka. Aliniambia nimwoneshe ninavyoshika kipanya, nami nikashika hewa mbele yake. "Unakikaba kama unamkamata kuku," akasema. "Tafuta kinachobeba kiganja chote, au upumzike wiki sita. Ukiendelea hivi, gumba hilo halitashika tena kalamu."

Wiki sita sikuwa nazo. Mezani palikuwa na kazi ya akina mama wa Engaresero, wale wanaowauzia shanga wageni wa kambi za kando ya Ziwa Natron. Walitaka kitabu cha mitindo yao yote, kila mkufu na kila mkanda, na kila ushanga uchorwe peke yake: duara moja, mbofyo mmoja. Kilitakiwa kifike kiwandani kuchapwa kabla Juni haijaisha, kiwahi wageni wa Julai. Kingekuwa kitabu changu cha kwanza chenye jina langu ndani, Penina Tluway, mchoraji. Mzee Bartolomeo, mwenye duka la uchapaji ninapofanya kazi hapa Karatu, alishanieleza bila kuzunguka: nikishindwa, kazi anampa Leonce.

Leonce ndiye jirani yangu wa meza. Ni kijana mwema, ila Kiswahili chake kimejaa viraka.

"Mausi, Penina," alikuwa akiniambia. "Sema mausi kama watu. Kipanya ni kile kinachokula mahindi ya mama yako kule Qurus."

"Na mausi ndiyo nini? Ni panya huyohuyo, kavaa suti ya Mzungu. Mimi namwita kwa lugha yangu."

"Haya, mwite. Akija usikimbie."

Nilijaribu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha dukani kwetu, bapa kama sabuni iliyokaribia kwisha. Kiganja kilikosa pa kuegemea, vidole vikabeba mzigo wote. Cha pili aliniazima Leonce, kidogo cha safarini, nikawa nakishika kwa ncha za kucha kama mtu anayeokota sindano. Cha tatu tuliagiza Arusha. Hicho kilisimama wima, unakishika kama unayesalimiana na mtu. Mkono ulipumzika kweli, lakini kilitengenezewa kiganja cha jitu. Gumba langu lilielea likitafuta pa kukaa, na kila nilipolenga ushanga mdogo mshale uliruka pembeni. Kufika Jumatano nilikuwa nabofya kwa mkono wa kushoto huku nimeuma meno.

Hivyo ndivyo Nanyori alivyonikuta. Yeye ndiye mwenyekiti wa wale akina mama wa shanga, mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye macho yanayokuhesabu mifupa. Alikuja kila baada ya wiki mbili na mfuko wa shanga za kunakili.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu. Yeyo ni mama; Kimaa changu, lugha ya Wamaasai, kinaishia hapo.

"Iko," akaitikia. "Mkono una nini?"

Nikamweleza. Akaushika, akaubonyeza chini ya gumba, nikaruka.

"Nyumbani kuna kimoja," akasema. "Cheusi, kipana. Hakina kazi."

"Cha nani, Yeyo?"

"Cha kijana wangu. Alikuwa anachora vibao vya kambi."

"Sasa nikikichukua, yeye atatumia nini?"

"Hayupo."

"Yuko Dar?"

"Alihama."

"Anaitwa nani? Akirudi nimshukuru."

Nanyori alikaza kamba ya mfuko wake polepole, fundo juu ya fundo.

"Sisi hatumwiti," akasema, akatoka.

Nilidhani wamegombana. Mimi, ninayemsahihishia mzee Bartolomeo mabango yake, ninayejiona nakijua Kiswahili hadi mizizi, nilisikia neno na nikachukua maana moja nikaiacha nyingine njiani. Kumwita mtu ni kupaza sauti aje. Basi nikasema moyoni, hao ndio vijana wetu. Wakishaonja mji hawarudi, na wazazi wanachoka kuwaita.

Kipanya kilifika Jumamosi kwa gari la Mto wa Mbu, kimefungwa kwenye kipande cha shuka nyekundu. Kilikuwa kizito kidogo, chenye mgongo wa mviringo na ukingo wa kulaza gumba. Mpira wake ulikuwa umelika. Pale pa gumba palikuwa na bonde lililochimbwa na gumba la mtu mwingine, miaka kadhaa, na gumba langu lilipolala humo lilijaa sawasawa. Kiganja nacho kikakaa. Nilisikia mkono mzima ukishusha pumzi.

Hakikuwa na waya. Niliiambia mashine itafute, nayo ikaandika kwa Kiswahili, maana mashine yangu nimeiweka Kiswahili: *Kifaa kipya kimepatikana.* Chini yake likatokea jina ambalo mwenyewe alikuwa amekipa kifaa chake. Jina lake yeye.

Jina hilo sitaliandika hapa. Lilikuwa la Kimaasai, zuri, na nililitamka kwa sauti kubwa ili Leonce asikie. Kisha likawa mchezo wetu. Kipanya kikikaa bila kuguswa kinalala, na lazima ukibofye kiamke. Kila asubuhi nilikaa, nikalitaja jina, nikaongeza, "Amka, shanga zinatungoja." Leonce alikuwa akiitikia kwa sauti nyembamba kutoka meza yake, "Nimeamka, dada," tukacheka.

Siku ya tatu maumivu yalikwisha. Sikuamini. Nilikunja ngumi, nikaikunjua, nikaupinda mkono nyuma. Kimya. Kazi ikaanza kukimbia. Ukurasa uliokuwa ukinichukua siku nzima ukawa unakwisha kabla ya chai ya saa nne.

"Noma sana," Leonce akasema. "Unachora au unanyeshewa na shanga?"

"Kipanya kizuri, Leonce. Siyo hayo masabuni yenu."

Mwezi Juni ukungu wa Karatu hushuka kutoka msitu wa kreta na kukaa barabarani hadi saa tano. Magari ya watalii hupita na taa zikiwaka mchana, huyaoni, unaona macho yao tu. Asubuhi moja ya namna hiyo nilifika peke yangu, Leonce akiwa amepeleka mabango hospitalini. Nikawasha mashine. Mikono yangu miwili ilikuwa bado imeshika kikombe cha chai. Nikalitaja jina kwa mazoea, nikasema amka.

Mshale ukasogea.

Ulitoka pembeni mwa skrini, ukaja taratibu hadi katikati ya ukurasa, ukasimama juu ya ushanga ambao nilikuwa sijauchora. Nilikiangalia kipanya. Kilikuwa kimetulia mezani. Nikasema, meza imetikisika, lori limepita. Hakuna lori lililopita. Nikaweka kikombe chini, nikaulaza mkono wangu pale bondeni, na mpira ulikuwa na joto.

Siku hiyo Leonce aliporudi alisimama nyuma yangu. "Huu mkanda uko wapi kwenye sampuli?"

"Huo hapo."

"Hapo wapi? Sampuli ina nyeupe na nyekundu. Wewe umeweka bluu inayopinda kama mto."

Nikaangalia. Kweli. Ukurasa mzima, mkanda wa kiume mpana, na mstari wa bluu ukishuka kwa kupinda hadi chini, ambako uliishia ghafla katikati ya safu, kama kazi iliyokatizwa. Nilifungua orodha ya hatua zangu. Zote zilikuwepo, mbofyo kwa mbofyo, na zote zimefanywa na mkono wangu kati ya saa tatu na saa sita, nikiwa nimekaa macho yangu wazi. Sikumbuki hata moja.

"Umechoka," Leonce akasema. Hakutania.

Nilipaswa kuufuta. Niliuweka kando kwa jina la "mengineyo" na kuendelea, kwa sababu zilibaki kurasa thelathini na mkono ulikuwa hauumi. Nani aliyewahi kukimbia mkono usiouma?

Jumapili nilienda nyumbani Qurus. Baada ya misa tulikaa jikoni, mimi na mama yangu, Bernadina, akipika mboga na mimi nikichambua maharage.

"Acha kugonga meza," akasema.

"Sigongi."

"Penina, angalia mkono wako."

Niliuangalia. Ulikuwa umelala juu ya meza, kiganja kimebinuka kidogo kama kilichofunika kitu, na kidole cha shahada kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kwa mwendo wa mtu anayefanya kazi. Niliuambia uache. Ukamaliza safu yake kwanza, ndipo ukaacha.

Niliinuka kwa haraka ili mama asione uso wangu, nikasogea mekoni kuipua sufuria. Niliishika kwa mkono mtupu, nikaibeba hadi mezani, nikaiweka. Harufu ndiyo iliyonishtua. Mama alipiga kelele, akanivuta hadi kwenye ndoo ya maji. Vidole vyangu vinne vilikuwa vimebabuka, ngozi imekunjamana kama ya mahindi ya kuchemsha.

"Huumii?" mama akaniuliza. Akarudia, kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini. "Mwanangu, huumii?"

Sikusikia kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maumivu hayakupona. Mkono ndio uliohama.

Jumanne Nanyori alikuja kukagua kurasa. Ukungu ulikuwa mlangoni, akaingia nao. Nilisimama kumsalimu kama kawaida, nimpe takwenya yangu moja, lakini mdomo haukufunguka. Badala yake shingo yangu ikapinda. Niliinamisha kichwa mbele yake, chini kabisa, utosi ukimwelekea, na nikangoja. Mimi ni Mwiraqw wa Qurus. Sijawahi kumwinamia mtu hivyo maishani mwangu. Ndivyo watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wazazi wao.

Na yeye, kwa mazoea ya mama, akanyoosha mkono akanigusa kichwani. Ulikaa hapo. Kisha ukaondoka ghafla kama ulioguswa na kaa la moto.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Sijui, Yeyo."

Macho yake yalikwenda kwenye bandeji ya vidole vyangu, yakaenda kwenye skrini. Kazi ya asubuhi ilikuwa wazi pale, na sikuwa nimeifungua mimi. Ulikuwa ule mkanda wa bluu inayopinda. Ulikuwa umeongezeka safu nne, ukakatika tena.

Nanyori alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Hii haimo kwenye mfuko wangu."

"Haimo."

"Mkanda huu alikuwa anajichorea yeye, wa kuvaa mwenyewe. Alikuwa hajaumaliza. Mto ule ni wa korongo letu. Maji yalishuka, huko juu mvua ikinyesha na huku chini jua linawaka. Alikuwa humo korongoni, anapiga picha za kibao." Akaigusa kwa kidole safu iliyokatika. "Hatukumpa mtu yeyote mchoro huu. Umeutoa wapi?"

"Yeyo, ulisema alihama."

"Alihama."

"Mimi nilidhani Dar. Nilidhani mmegombana naye. Ulisema hammwiti, nami nikadhani..." Na hapo, Mungu anisamehe, katika kueleza kosa langu nikalirudia. Nikalitaja jina.

Nanyori alijifunika mdomo kwa ukingo wa shuka. Leonce aliyekuwa akikata karatasi aliacha kukata. Juu ya meza, mshale ulikuja katikati ya skrini, ukasimama.

"Umeshalitaja mara ngapi?" Nanyori akauliza kupitia kitambaa.

"Kila asubuhi," nikasema. "Namwambia amka."

Alifumba macho. "Mtu akishakwenda, jina lake tunaliacha liende naye. Ukilitaja, unamwita. Nilikuambia kwa Kiswahili chenu, mwanangu. Nilikuambia hatumwiti. Kijana wangu alikuwa na adabu sana. Akiitwa anaitika."

Kiswahili chenu. Neno hilo lilinichoma kuliko sufuria.

"Nifanye nini?"

"Usimwite tena. Na hii mashine nayo isimwite."

Nilijua mahali pa kwenda. Nikafungua orodha ya vifaa, jina likakaa pale peke yake, nikabofya pembeni mwake. Mashine ikaniuliza, kwa lugha niliyoichagua mwenyewe kwa majivuno: *Ungependa kusahau kifaa hiki?* Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Niliupeleka mkono kwenye Ndiyo. Mshale ukaenda, ukakaribia, ukateleza. Hapana. Nikaifungua tena. Mara ya pili haukuteleza hata kidogo. Ulikwenda moja kwa moja kwenye Hapana, ukabofya. Nilijaribu kuuinua mkono kutoka kwenye kipanya. Haukuinuka. Nilivuta kwa bega zima, meza ikasogea, vidole vilivyobabuka vikakaza hadi majimaji yakatoka kwenye bandeji, na sikusikia kitu. Nilikuwa kama navuta mkono wa mtu mwingine aliyeng'ang'ania mlango.

"Chomoa mashine! Chomoa!" Leonce akasema.

"Nyamaza," Nanyori akamwambia, bila ukali.

Aliuweka mkono wake juu ya wangu. Kisha mkono wangu ukageuka chini ya wake, kiganja juu, ukamshika. Haukushika kama mimi ninavyoshika. Gumba lilimpitia juu ya vifundo vya vidole, kimoja kimoja, kama linalovihesabu, na uso wa yule mama ukabadilika ukawa uso ambao sikupaswa kuuona. Angeweza kunyamaza. Hilo nalijua hadi leo. Angeweza kunyamaza tu, na mimi ningeendelea kumwazima mwanawe mkono wangu hadi kitabu kiishe, na baada ya kitabu.

Akauinamia ule mkono, akasema maneno machache kwa Kimaa. Sikuyaelewa. Mkono uliyaelewa. Ulikunjuka, ukalegea, ukabaki mezani kama glavu.

"Sasa," Nanyori akaniambia.

Kwetu hatupi wala hatupokei kwa mkono wa kushoto; ni dharau. Lakini wa kushoto ndio pekee uliokuwa wangu. Nikarudi kwenye lile swali, nikasogeza kwa vitufe hadi kwenye Ndiyo, nikabonyeza.

Jina likafutika. Papo hapo maumivu yakanirudia, yote kwa pamoja: moto wa kifundo, ganzi ya gumba, na juu ya hayo sufuria ya Jumapili, iliyongoja siku mbili kuniunguza. Nilianguka magotini nikalia kwa sauti. Leonce anasema nilikuwa nacheka pia. Inawezekana. Kila kidole kilikuwa kinapiga kelele, na kila kelele ilikuwa yangu.

Nanyori alikifunga kipanya kwenye kipande kilekile cha shuka. "Nitamrudishia mwenyewe," akasema. Mlangoni akageuka. "Ule mkanda uache kitabuni. Mitindo mingine andika aliyeshona. Pale usiandike kitu."

Kurasa zilizobaki sikuweza kuzimaliza peke yangu. Nilimwomba Leonce, na lile ombi lilinipa shida kuliko bandeji. Mimi nilisoma shanga kutoka kwenye sampuli, "nyeupe tatu, nyekundu moja, nyeupe tatu," naye akabofya. Kitabu kiliondoka Juni ikiwa na siku moja mkononi, kina majina mawili ndani. Ukurasa wa mkanda wa bluu, chini yake ni peupe. Safu ya mwisho imekatika vilevile. Hakuna aliyethubutu kuimalizia.

Siku hizi natumia kile cha wima kutoka Arusha. Nilikata kipande cha ndala kuukuu, nikakibandika pembeni, nikakichonga kwa wembe hadi gumba langu likapata pa kulala. Bonde hilo nimelichimba mwenyewe. Nabofya dakika arobaini, napumzika kumi, nabadili mkono. Gumba linashika kalamu. Jioni bado linauma kidogo, na silinung'unikii.

Wiki iliyopita ukungu ulishuka tena mapema. Leonce alikuwa anapanga karatasi, ananipa mgongo.

"Hivi Penina," akasema, "yule kijana wa Engaresero. Jina lake limenitoka kabisa. Alikuwa anaitwa nani vile?"

Nilikuwa naangalia skrini yangu. Kwenye kona, bila mtu kugusa kitu, mashine ilikuwa imeandika: *Kifaa kipya kimepatikana.* Mahali pa jina palikuwa peupe, na chini yake, Ndiyo na Hapana. Kilikuwa kinangoja mtu aseme.

Nikabonyeza Hapana, kwa mkono unaouma.

"Hatumwiti," nikasema.